Uzi: Si kila jiwe jeusi la Arusha ni basalti. Njooni tusome mawe ya moto ya Meru na Kilimanjaro

Mchimba Visima

Wakuu, salaam.

Wiki iliyopita niliitwa kuangalia kisima upande wa Ngarenanyuki, nyuma ya Meru. Kilichimbwa na wengine, maji yalitoka mengi, ila wenyeji wameanza kuwa na wasiwasi nayo. Nikaomba daftari la uchimbaji, lile ambalo kila baada ya mita chache mtu anaandika jiwe gani limetoka. Kuanzia mita ya 6 hadi ya mwisho kuna neno moja tu. Basalti, basalti, basalti.

Vipande vyenyewe vilikuwa bado vimemwagwa pembeni. Nikachukua konzi moja, nikaviosha, nikaviacha vikauke juani, nikatoa lenzi. Jiwe lilikuwa la kijivu chenye ukijani, limejaa vibamba vyeupe vinavyometameta na vipunje vyenye mng'ao kama vimepakwa mafuta. Hiyo si basalti. Na tofauti hiyo inawagusa watu wanaokunywa maji ya pale, nitafika huko.

Kosa hili naliona kila mahali kuanzia Usa River hadi Himo. Jiwe likiwa jeusi na zito, basi ni basalti. Likiwa jekundu lenye matundu, ni moramu. Likiwa na madoa, ni itale. Watu wanaanza na jina, halafu hawaangalii tena. Naomba kwenye uzi huu tugeuze. Tuangalie kwanza, tueleze kwa maneno yetu tunachokiona, jina lije mwishoni.

Anza kwa kulivunja. Ngozi ya nje ya jiwe inadanganya, kwa sababu mvua na jua vimeshaitafuna. Jiwe la kijivu linaweza kuwa na ganda la kahawia, na madini ya kijani yaitwayo olivini yakioza huwa nyekundu kama kutu. Piga nyundo upate uso mpya, na funika macho, maana vibanzi vyake vinakata kama wembe.

Kisha tazama ukubwa wa chembe. Hapo ndipo jiwe linakwambia lilipoa wapi. Magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ikikaa chini sana ardhini, inapoa polepole mno, na fuwele zinapata muda wa kunenepa hadi unaziona kwa macho. Zikizidi milimita 5 tunaliita jiwe la chembe kubwa, kama itale na gabro. Ikimwagika juu kama lava inapoa upesi, chembe zinabaki chini ya milimita 1 na jiwe linaonekana kama rangi moja tupu. Ikipoa ghafla kabisa fuwele hazipati hata nafasi ya kuanza, unapata kioo cheusi, obsidiani. Na ikiwa imejaa gesi inatoka na mapovu, ndiyo ile pumisi inayoelea kwenye ndoo, au moramu ya vilima vidogo vinavyozunguka milima yetu. Wekundu wa moramu ni chuma kilichokutana na hewa jiwe likiwa bado la moto.

Rangi naiweka mwisho makusudi. Inasaidia kukisia madini meusi ni mengi kiasi gani, lakini peke yake imewapoteza wengi. Obsidiani ni nyeusi tii na mara nyingi ina silika (ile dutu inayojenga kwatzi na mchanga mweupe) nyingi kama itale yenyewe.

Tuendelee. Mwenye jiwe alete maelezo yake hapa.

Fundi wa Mawe, Kijenge

Mkuu, heshima kwako. Mimi nachonga mawe ya msingi huu mwaka wa kumi na tano, sikusoma jiolojia, ila nina jambo. Kuna jiwe la kijivu ukiligonga na nyundo linalia. Linalia kabisa, kama kengele ya shule ile ya kipande cha reli. Na linapasuka kwa mabamba, ukilitegea tindo vizuri linafunguka kama kitabu. Lingine jeusi linaitika bubu na linavunjika ovyo. Sisi mafundi tunaliita tu "la kulia". Hilo nalo lina jina?

Mchimba Visima

Fundi, nimefurahi mno kusoma hapa kwako. Hilo la kulia ndilo nililolikuta kisimani. Wajiolojia wanaliita fonoliti, na jina hilo limetoka kwenye Kigiriki, maana yake ni jiwe la sauti. Waliolibatiza walifanya kama ninyi, waligonga wakasikiliza.

Ila sauti peke yake isikufunge. Jiwe lolote gumu, lisilo na ufa wala matundu, linaweza kulia. Na fonoliti iliyooza hailii. Kwa hiyo baada ya sauti, vunja, chukua lenzi. Utaona vibamba vya felispa, yale madini meupe, vimelala upande mmoja, kwa sababu lava ilikuwa bado inatiririka wakati vinaganda, vikajipanga kama magogo mtoni. Ndiyo maana linafunguka kwa mabamba. Tindo lako linapita mlemle ambamo lava ilikuwa inapita.

Kidato cha Sita, Moshi

Shikamoo mkuu. Nina swali. Kwenye daftari nina jedwali: itale na rayoliti, dayoriti na andesiti, gabro na basalti. Juu yaliyopoa chini, chini yaliyopoa juu. Fonoliti haipo popote. Inaingia wapi?

Mchimba Visima

Marahaba. Swali lako ni zuri na nitalijibu kwa kirefu, nivumilieni wakuu.

Jedwali lako ni sahihi. Linaweka mawe kwenye jozi. Kila jozi ina kemia ileile, tofauti ni mahali yalipopoa. Itale ikimwagika juu badala ya kupoa chini ingekuwa rayoliti. Na kadiri unavyotoka kwenye gabro kwenda itale, silika inapanda. Chini ya asilimia 45 mawe huitwa ya besi kupita kiasi, 45 hadi 52 ya besi, 52 hadi 63 ya kati, juu ya 63 ya asidi. Maneno hayo besi na asidi ni urithi wa zamani, hayahusiani na uchachu wa ndimu, usiyachanganye kwenye mtihani.

Lakini jedwali hilo limetazama silika tu. Milima yetu ina mambo ya soda (yaani sodiamu) na potasi (potasiamu). Fikiria hivi: silika ni unga, na soda inautaka unga huo ili itengeneze felispa. Unga ukizidi, felispa zote zinashiba na kinachobaki kinaganda chenyewe kuwa kwatzi. Hiyo ni njia ya itale. Unga ukipungua na soda ni nyingi, felispa hazitoshelezwi, na badala yake panajitokeza madini yanayoridhika na silika kidogo, nayo ni nefelini. Ndivyo vile vipunje vyenye mng'ao wa mafuta nilivyoviona kisimani.

Hapo ndipo kuna kanuni ninayoipenda kuliko zote kwenye somo hili. Kwatzi na nefelini hazigandi pamoja kutoka kwenye magma moja. Nefelini ikikutana na silika ya ziada inaila na kugeuka felispa. Kwa hiyo ukiona punje moja ya kweli ya nefelini, umeshajua kwamba huna haja ya kutafuta kwatzi mle ndani. Mswisi Albert Streckeisen alichora mchoro wa mawe ya moto wenye umbo la almasi, kwatzi kileleni juu, jamii ya nefelini kileleni chini, felispa za aina mbili kushoto na kulia. Jiwe linakaa nusu ya juu au nusu ya chini, haliwezi kukaa zote mbili. Umoja wa kimataifa wa wanajiolojia ndio huo unautumia hadi leo. Jedwali lako limetoka nusu ya juu. Fonoliti inakaa nusu ya chini, pamoja na sehemu kubwa ya Meru.

Lava yenye chembe ndogo mno zisizohesabika, hupimwa maabara. Unapata asilimia ya silika na jumla ya soda na potasi, unaziweka kwenye mchoro mwingine. Basalti ina silika 45 hadi 52 na soda na potasi zake kwa pamoja hazifiki 5. Fonoliti ya kawaida ina silika ya 55 hadi 60 hivi, na soda na potasi 12 kwenda juu. Umeona umbali uliopo kati yao? Ni mawe mawili tofauti kabisa, na daftari la kisima limeyaandika kwa jina moja.

Kidato cha Sita, Moshi

Nimeelewa sana, asante. Sasa soda nyingi hiyo imetoka wapi? Na mbona basalti na fonoliti zote zipo Kilimanjaro, mlima mmoja?

Mchimba Visima

Ulishawahi kununua barafu ya ukwaju ya kwenye mfuko? Ukiitoa kabla haijaganda yote, utaona barafu imepauka, imekaribia kuwa maji matupu, na ule ukwaju uliobaki katikati haujaganda, mweusi, mkali, mtamu kuliko mwanzo. Maji yametangulia kuganda, utamu umeachwa nyuma.

Magma inafanya hivyo hivyo. Olivini na piroksini, madini mazito ya kijani na meusi, zinaganda mapema jotoridi likiwa juu bado. Zinachukua magnesi na chuma, zinazama au zinang'ang'ania kwenye kuta. Uji uliobaki unazidi kuwa na soda, potasi na silika. Norman Bowen aliupima mpangilio huo maabara mwanzoni mwa karne iliyopita, akiyeyusha na kupoza, na kitabu chake cha 1928 bado kinashikiliwa. Kibo ilianza na magma inayokaribia basalti na ikaishia kutoa fonoliti. Ni ule ukwaju wa katikati.

Ila mwanzo wenyewe ulikuwa na soda tayari. Hapa kwetu ardhi inatanuka, ndilo Bonde la Ufa. Mwamba wa chini sana ukipunguziwa mgandamizo unaanza kuyeyuka hata bila kuongezewa moto. Ukiyeyuka asilimia chache tu, vinavyotangulia kutoka ni soda, potasi na gesi. Kwa hiyo jiwe lenye nefelini mkononi mwako linakwambia kwamba chini kuliyeyuka kidogo.

Mpagazi, Marangu

Bosi, mimi ni mpagazi, nimepanda Kibo mara nyingi sijui idadi. Ukipita juu ya Horombo kwenda Kibo, na hata njia ya Machame, kuna mawe meusi yana vipande vyeupe ndani kama kashata ya karanga, vina pembe nne, kama uru ya karata. Vingine virefu kama kidole gumba. Wageni wanatuuliza kila siku na sisi hatuna jibu. Ni nini?

Mchimba Visima

Kaka, hilo ni jiwe la heshima la mlima wako. Hizo uru ni felispa. Jiwe lenye fuwele kubwa zilizozama kwenye chembe ndogo tunaliita pofiri, na hili la Kibo lenye uru linaitwa pofiri ya rombi. Lilitoka takriban miaka 350,000 iliyopita, na ukilipima kemia yake ni fonoliti.

Waambie wageni hivi: jiwe hili limepoa mara mbili. Kwanza magma ilikaa ndani ya mlima, imetulia, felispa zikakua taratibu hadi kufikia kidole gumba. Kisha mlima ukalipuka au ukamwaga, na uji wote uliozizunguka ukaganda upesi ule weusi. Uru zinaeleza miaka ya utulivu, weusi unaeleza siku za kumwagika. Ukiokota kipande ambacho weusi wake unang'aa kama chupa, basi kilipoa kwa haraka zaidi ya wenzake.

Pofiri za rombi ziko pia Norwe, karibu na Oslo. Jamaa zake wa karibu wako Mlima Kenya, ambako mjiolojia John Walter Gregory aliliita jiwe lile kwa jina la mlima wenyewe, na baadaye likakutwa kwenye volkano ya Erebus kule Antaktika. Ukimwambia hayo mgeni akiwa Kibo, hatasahau.

Shira ndiyo ya zamani, miaka milioni mbili na nusu hivi, kisha Mawenzi, kisha Kibo. Mawenzi imechakaa hadi mifupa inaonekana. Zile kuta zilizosimama wima ni magma iliyoganda ndani ya nyufa, mlima laini uliozizunguka umeshaondoka.

Mdau wa Mererani

Naongezea, tanzanaiti yetu nayo ilipikwa na lava ya Kilimanjaro, ndiyo maana ipo jirani.

Mchimba Visima

Hapana ndugu yangu, hilo tulirekebishe hapa hapa maana linasambaa sana. Tanzanaiti iko kwenye miamba geu, siyo ya moto. Ilijengeka zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, ardhi ilipobanwa na kupashwa moto bila kuyeyuka, na bluu yake imetoka kwenye vanadi. Kilimanjaro wakati huo haikuwapo hata kwa ndoto. Ujirani wao ni wa ramani tu.

Dereva wa Utalii

Mkuu, usiusahau Ol Doinyo Lengai. Niliwahi kupanda na wageni usiku, kulipokucha kule juu lava ilikuwa nyeusi kama oili chafu. Waliopanda siku chache baadaye wakanionyesha picha, pale pale ni peupe kama chokaa. Nilidhani wamekosea mahali.

Mchimba Visima

Hawakukosea. Na Lengai inavuruga michoro yote miwili niliyoieleza, kwa sababu lava yake karibu haina silika. Ni kabonati ya soda, jamaa ya magadi. Mjiolojia J. B. Dawson ndiye aliyeitangaza kwa wanasayansi mwaka 1962. Hakuna volkano nyingine hai duniani inayotoa lava hiyo.

Inatoka ikiwa na nyuzi 500 hadi 600 tu, wakati basalti inatoka na 1,100 na zaidi. Mchana huioni ikiwaka, ndiyo maana uliiona kama oili. Na madini yake hayapendi unyevu. Yakinywa maji ya hewa yanageuka mengine, meupe, ndani ya saa au siku chache. Madini hayo ni mawili. Moja ni gregoriti, kwa jina la Gregory yuleyule wa Mlima Kenya. Jingine ni nyererite, kwa jina la Mwalimu Nyerere. Watoto wetu wanapaswa kulijua hilo mapema, kwamba jina la Mwalimu limeandikwa ndani ya jiwe la moto la mlima wa Wamasai.

Mwaka 2007 ililipuka kwa majivu, na kabla ya hapo Julai mwaka huo tetemeko la eneo lile tulilisikia hadi Arusha mjini.

Mama wa Ngarenanyuki

Habari zenu wanangu. Nasoma tu hapa, simu ni ya binti yangu. Umesema tofauti ya jiwe inagusa maji. Huku watoto wetu meno ni ya kahawia tangu zamani, na wengine miguu inapinda. Tunaambiwa ni maji. Jiwe linaingiaje?

Mchimba Visima

Shikamoo mama. Swali lako ndilo lililonifanya nifungue uzi huu.

Kumbuka ule ukwaju wa katikati. Pamoja na soda, magma iliyobaki mwishoni inakusanya floraidi. Kwa hiyo fonoliti, nefeliniti (lava yenye nefelini nyingi) na majivu ya Meru vina floraidi kuliko basalti. Mvua inapozama ndani yake inaichukua. Kungekuwa na kalsiamu nyingi kwenye maji, ingeikamata floraidi na kuigandisha. Lakini maji ya mawe haya yana soda nyingi na kalsiamu kidogo, kwa hiyo floraidi inabaki mle mle hadi kwenye kikombe. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na visima na chemchemi nyingi za upande wenu vinapita hapo.

Kwa hiyo mtu akiandika basalti kwenye daftari wakati ni fonoliti, amenyima watu onyo ambalo jiwe lenyewe lilikuwa linalitoa kuanzia mita ya 6. Angejua, angepima floraidi kabla ya kufunga pampu. Nimeumia sana kuona hivyo.

Mama, kuchemsha hakuiondoi, maji yakipungua sufuriani inazidi kukolea. Kinachoiondoa ni mkaa wa mifupa ya ng'ombe, na kituo cha Ngurdoto kimefanya kazi hiyo miaka mingi. Pia magadi ya kulainishia makande na maharage yana floraidi, hasa kwa chakula cha watoto wadogo yaepukeni. Maji ya mvua hayana shida hiyo. Na kisima kingine kisichimbwe kabla maji ya jirani hayajapimwa.

Mama wa Ngarenanyuki

Asante mwanangu. Nitayasema kwenye kikao cha maji Jumamosi.

Fundi wa Mawe, Kijenge

Mkuu nimerudi. Leo niko shimo la mawe jingine, njia ya kwenda Moshi. Nimefanya kama ulivyosema, jina nimeliacha. Nimevunja. Uso mpya ni mweusi, chembe sizioni kwa macho. Kuna punje za kijani kama chupa ya soda, saizi ya mchele, zile za karibu na ngozi ya nje zimekuwa nyekundu. Kuna nyingine nyeusi zinang'aa, fupi nene. Vipunje vya mng'ao wa mafuta nimetafuta kwa kioo cha kukuzia, sijaviona. Matundu yapo, mviringo, machache yana kitu cheupe ndani, nimekidondoshea siki kikatoa povu. Nimegonga, halilii vizuri. Halifunguki kwa mabamba.

Mchimba Visima

Fundi, maelezo haya ni bora kuliko daftari zima la kile kisima. Punje za kijani ni olivini, zilizokuwa nyekundu zimeoza. Nyeusi fupi ni piroksini. Matundu ni mapovu ya gesi, na kile cheupe ni kalsaiti iliyoletwa na maji baadaye kabisa, jiwe likiwa limeshapoa. Magma yake ilitoka chini moja kwa moja bila kukaa njiani muda mrefu.

Hilo ni basalti, au ndugu yake basaniti ambaye ana nefelini ndogo mno lenzi haizioni. Kuwatenganisha lazima jiwe lisagwe hadi unene wa milimita 0.03, mwanga upite, litazamwe kwa hadubini. Ofisi ya taifa ya jiolojia, GST, iko Dodoma. Ukipeleka kipande, kiwe na uso mpya, saizi ya ngumi, kisiwe cha kuokota kwenye kifusi.

Fundi wa Mawe, Kijenge

Nimekata kimoja ukutani pale pale. Nimeandika kwa kalamu ya rangi umbali kutoka juu na mshale wa upande uliokuwa unatazama juu. Hapo kwenye jina nimeacha wazi.